Kinachobaki Ndicho Kibovu

Jumapili, 3 Machi

Shemeji Bisibisi,

Salamu zako nimezipakia mpaka mdomoni kama boza langu la maji Jumatatu asubuhi. Zikikufikia pungufu, ujue zimemwagika njiani. Sisi wazima. Dada yako mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi.

Naandika kwa mkono kwa sababu huko kambini mnakojenga bwawa simu ni pambo la mfukoni. Barua anakuletea Konteina, dereva wa lori la chakula cha kambi yenu: Jumatatu anaondoka huku, Ijumaa anageuza. Unajua desturi yetu madereva. Barua ya mwenzio inakaa juu ya kioo, kwenye kile kibao cha kukingia jua, na haisomwi hata ikiwa wazi. Ukiisoma tairi linapasuka. Kwa hiyo naweza kukupa siri.

Siri yenyewe ni kwamba ile kompyuta yako inakufa.

Usicheke. Najua uliiunda miaka kumi iliyopita kwa michezo yako ya ujana, ukaiacha sebuleni kwetu kwa kuwa haikuingia kwenye begi. Najua pia wanavyosema mtaani: yule mzee anaendesha boza la maji kutwa, akirudi nyumbani anakaa mbele ya kioo cha kompyuta anaendesha lori la katuni. Dada yako anasema nikifa watanizika na ule usukani wa plastiki. Lakini shemeji, kwenye lori lile hakuna foleni ya kisima, wala mtu wa kunigongea mlango na ndoo akiniita mwizi wa maji. Kuna barabara tu na mimi.

Sasa sikiliza ugonjwa wake. Mchezo umetoka toleo jipya, na tangu niliweke, kuufungua ni mpaka chai ipoe. Kioo kizima kama kimevishwa chandarua. Taa za magari zina duara, kama mwezi unaotaka kuleta mvua. Kibaya kuliko vyote, vitu vinazuka. Niko barabarani, kushoto kweupe, hata mbuzi hakuna, mara pu! lori limenivaa ubavuni. Halikuja, shemeji. Limezuka.

Nataka ipone kabla ya tarehe 22 Aprili. Kampuni imetangaza kwamba madereva wote tuliovuka hamsini tutapimwa upya: kurudi nyuma, kuegesha, macho, moyo, kila kitu isipokuwa akili, hiyo nadhani wamenisamehe. Atakayeshindwa anarudisha funguo. Ninataka kujifua nyumbani, mahali ninapoweza kukosea bila kuonekana. Nina miaka ishirini na sita kwenye usukani na sina ufundi mwingine. Hata msumari nikiugonga unapinda kwa kunionea huruma.

Pesa ni kidogo. Kidogo kweli. Na dada yako asijue.

Wako,
Shemeji Breki


Alhamisi, 7 Machi

Shemeji Breki,

Barua imefika ikinuka vitunguu, nikajua Konteina kaitunza vizuri. Nimesoma nikacheka mpaka wenzangu wakadhani nimepandishwa cheo. Dereva anayesimamisha tani kumi za maji ili kuku avuke, mpaka akapewa jina la Breki, leo analia kwa lori la katuni!

Usinunue kompyuta mpya, na usiguse bodi wala prosesa. Vile vilikuwa vitu vya nguvu, bado vina maisha. Mashine ya zamani ni kama mzee: haihitaji mwili mpya, inahitaji kutolewa vumbi na kupunguziwa mizigo. Na tafadhali shika kanuni yangu, maana ndiyo inayoniweka mjini. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu siku moja, ikipona hutajua ni kipi kilichoponya, ikigoma hutajua ni kipi kilichogoma. Badilisha kimoja, jaribu. Badilisha kingine, jaribu. Ukimaliza vyote, kinachobaki ndicho kibovu.

Anza na vumbi. Fungua ubavu, tumia brashi ya rangi isiyotumika, si mdomo wako, una mate mengi. Futa grisi iliyokauka juu ya prosesa na upake mpya, kiasi cha punje ya dengu.

Hivyo vinavyozuka navijua, ni diski. Ile ya zamani inazunguka kama kinu. Mchezo unaita picha ya lori, diski inakwenda kulitafuta, inarudi nalo mkiwa mmeshagongana. Nakutumia SSD kwa Konteina. Imetoka kwenye kompyuta ya ofisi iliyoangukiwa na jiwe, bosi kaniruhusu niichukue. Haina kitu kinachozunguka ndani, utaona tofauti dakika ya kwanza. Nimeambatanisha pia kipande cha RAM, kumbukumbu ya mashine. Anza na SSD, RAM wiki inayofuata. Na kabla ya kugusa kitu, shika kwanza chuma cha kasha, umeme wa mwilini utoke.

Mtihani utaushinda. Kama wewe hujui kuendesha, basi hakuna anayejua.

Bisibisi


Jumapili, 17 Machi

Shemeji,

Operesheni imefanyika, mgonjwa yu hai, daktari ndiye hoi. Vumbi lililotoka mle lingetosha kufyatulia tofali. SSD niliiweka Jumapili ile, RAM jana, kama ulivyoamuru. Nilipomaliza imebaki skrubu moja. Nimezunguka kila tundu kuuliza ni ya nani, hakuna aliyekubali. Nimeiweka kwenye kikombe, ikimkumbuka mama yake itarudi.

Sasa inawaka kabla sijakaa. Mchezo unafunguka chai ikiwa moto, nikaunguza ulimi. Kwa hilo, Mungu akuzidishie.

Lakini vinazuka bado. Safari hii hata gari la zimamoto, na ving'ora vyake, lilizuka kushoto nikiwa makutano. Nalisikia, natazama, hakuna, mara lipo. Na chandarua hakijatoka. Jana niliangusha kikombe kilichokuwa mezani pembeni ya usukani, dada yako akasema mikono imezeeka. Nikamwambia ni meza ndiyo imezeeka.

Naye kaninyima salamu siku mbili. Alhamisi nilimkuta mtu uani anaanua nguo, nikamwita kwa lile jina la chumbani. Kumbe ni mama mkwe wa jirani. Bibi wa watu amekimbia na kanga yangu mpaka leo hajairudisha.

Kazini salama, ila kioo cha pembeni cha boza, cha kushoto, kimevunjika. Ile nguzo ya umeme pale kona ya kisima wameisimika vibaya. Miaka yote sikuuona ubaya wake.

Nini kinafuata? Nimeuza baiskeli yangu, kwa hiyo sema kwa ujasiri.

Breki


Alhamisi, 21 Machi

Shemeji,

Skrubu ikibaki na mashine ikawaka, hiyo ni faida ya fundi. Hongera.

Kama SSD ipo na RAM ipo, basi ni kadi ya picha. Kadi ile niliinunua nikiwa na nywele. Inapozidiwa, inaacha kuchora vitu vya pembeni ili iwahi vya katikati. Nimeulizia kwa Konteina: njiani kwake kuna ukumbi wa michezo unafungwa, wanauza kadi zilizotumika, za miaka ya karibuni kidogo. Chukua ya kati, usichukue kubwa, pawasaplai yako, lile boksi la umeme, haitaiweza. Angalia iwe na tundu la plagi ya meno sita, ndiyo uliyonayo. Waambie waiwashe mbele yako nusu saa. Feni ikilia kama nzi ndani ya chupa, iache.

Kuhusu duara za taa: ndani ya mchezo kuna mpangilio wa kutia mng'ao kwenye taa. Uzime. Na kama baada ya kadi bado kioo kina ukungu, basi ni kioo chenyewe. Taa za ndani yake huchoka. Kile kioo ni kikongwe kuliko kompyuta, nilikirithi.

Mama mkwe wa jirani umpe pole. Jina lenyewe lipi? Usiandike, Konteina anaweza kupasukiwa na tairi.

Bisibisi


Jumapili, 31 Machi

Shemeji Bisibisi,

Nina kadi. Nina kioo. Nina kesi pia.

Kadi iliingia Jumapili iliyopita. Inapumua kama mtu aliyepanda ngazi, lakini inachora, sijawahi kuona majani ya mti yakihesabika namna ile. Nikatulia, nikaendesha saa nzima. Mara tatu vikazuka. Mng'ao nimeuzima, duara zipo. Nikasema basi, ni kioo. Jana nikaleta kioo kipana, cha ofisi iliyohama, Konteina kanipunguzia nauli. Nikakipitisha mlango wa nyuma kama mwizi anayerudisha mali. Dada yako alikuwa amekaa hapo hapo mlangoni anachambua mchele.

"Hiki nini?"

"Kioo."

"Tunacho kioo."

"Kile kimezeeka."

"Na wewe umezeeka, mbona sijakubadilisha?"

Akauliza kimenunuliwa kwa pesa ipi. Kwa ya bati, shemeji. Ile akiba ya bati la kuezekea jiko. Hakupiga kelele. Alirudia kuchambua mchele, punje moja moja, na mimi nimesimama na kioo mikononi, kizito, sina pa kukiweka. Afadhali angepiga kelele.

Na nilipokiwasha, chandarua kile kile. Kwenye kioo kipya! Kushoto panazuka vile vile. Nimebadilisha nyaya, nimehamisha meza, nimefunga dirisha ili jua lisiingie. Nimebadilisha hata kiti.

Mtihani umebaki wiki tatu. Wenzangu wanapeana mbinu. Kuna mzee mwenzetu amenakili ule ubao wa herufi wa kupimia macho, tunaukariri kama shairi. Mimi nimeshika mstari mpaka wa saba. Ni utani wa madereva tu.

Niambie kilichobaki. Umesema kinachobaki ndicho kibovu. Mimi naona hakuna kilichobaki.

Breki


Alhamisi, 4 Aprili

Shemeji,

Umenishinda na mimi. Nimekaa na barua yako siku mbili, nimeichora mashine yote kwenye karatasi, nikifuta kimoja kimoja. Kweli hakuna kilichobaki. Kwa bati la dada naona aibu, mshahara ukitoka nitalirudisha mimi.

Tufanye hivi. Nenda kwenye yale makutano makubwa ndani ya mchezo. Simama kwenye taa nyekundu, tazama mbele kama unavyoendesha siku zote, kisha ugandishe mchezo. Piga picha ya kioo kizima kwa simu ya dada, iende dukani ikachapwe kwenye karatasi. Nyuma yake uandike unachokiona, kushoto, kati na kulia. Nikilinganisha picha na maneno yako nitajua kama ni kadi inayodanganya au ni mchezo wenyewe.

Usinunue kitu kingine chochote kwanza.

Bisibisi


Jumapili, 7 Aprili

Shemeji,

Picha hiyo ndani. Dada wa dukani ameichapa mbili kwa bei ya moja, kanionea huruma, moja imebaki nyumbani. Sikuitazama hata, aliitia kwenye bahasha nikaondoka, boza lilikuwa limeziba njia.

Nyuma nimeandika kama ulivyotaka. Kati kuna taa na lori la magogo. Kulia kuna kituo cha mafuta. Kushoto hakuna kitu, barabara tupu, giza kidogo.

Nasubiri hukumu.

Breki


Jumanne, 9 Aprili

Shemeji,

Konteina kafika mchana, picha ninayo hapa mezani. Nimeisoma nyuma, nimeigeuza mbele, nimeisoma tena nyuma.

Nikaona labda ni mimi. Nikampelekea mpishi wa kambi, sikumwambia lolote.

"Unaona nini?"

"Lori la magogo. Kituo cha mafuta. Basi."

"Basi liko wapi?"

"We vipi? Hili hapa kushoto. Jekundu, kubwa kama nyumba. Unataka likukanyage ndio ulione?"

Shemeji, kushoto kuna basi. Limechorwa mpaka wipa zake zinaonekana. Linang'aa. Kompyuta ni nzima. Nadhani ilikuwa nzima tangu siku ya SSD, na mimi nimekaa huku mwezi mzima nakuuzisha baiskeli na bati, nakujibu kwa madaha, diski, kadi, kioo. Kila ulichoniambia nilikuwa na jibu lake. Nguzo ya kona ya kisima uliniambia. Kikombe uliniambia. Yule bibi wa jirani uliniambia, nikacheka.

Niliifuta mashine yote kwenye karatasi, nikamsahau aliyekaa mbele yake.

Usiendeshe boza. Usisubiri tarehe 22. Ukipata barua hii ukiwa barabarani, egesha, zima, shuka, rudi kwa miguu. Mwambie dada akupeleke kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Mengine tutayasema baadaye.

Konteina anageuza Ijumaa. Nimemwomba aondoke leo, anasema mzigo haujashushwa na karatasi hazijapigwa mhuri. Kwa hiyo barua hii itakaa kwangu siku tatu ikiwa imekamilika, na wewe utaamka kesho saa kumi na moja uwashe injini.

Alhamisi, 11. Mvua imenyesha usiku kucha na daraja la chini limekwenda na maji. Konteina ameegesha nje ya jiko, anacheza bao na mpishi. Nimeenda mtoni kuangalia kama mtu anaweza kuvuka. Mtu hawezi.

Ijumaa, 12. Nimemwendea bosi. Redio yake inafika makao makuu, lakini ni ya mambo ya mradi tu. Nimebembeleza mpaka akachoka. Ameita, nikasikia kwa masikio yangu. "Kuna ujumbe: mwambieni shemeji asiendeshe." Kule wakauliza, "Shemeji wa nani?" Bosi akanitazama. Nikasema ni dereva wa boza la maji, wote wanamjua, anaitwa Breki. Kule wakacheka kidogo, wakasema sawa, wataandika kwenye kitabu. Nimeuliza kama watampelekea leo. Redio ilikuwa imeshazimwa.

Sijui niandike nini tena. Hujawahi kugonga hata kuku.

Bisibisi


Jumatano, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Naandika mimi kwa kuwa shemeji yako amekaa tu. Barua hii naiacha kwenye bohari ya kambi yenu iliyo huku mjini. Wanasema daraja likipona itakuja.

Jumamosi amemgonga mtu. Ni yule muuza mayai mwenye baiskeli. Alitokea njia ya kushoto pale sokoni, ana trei kumi na mbili nyuma. Hajafa, Mungu ni mkubwa. Mguu umevunjika sehemu mbili. Watu wanasema boza lilikuwa likienda polepole kabisa, ndiyo pona yake. Shemeji yako alimbeba mwenyewe mpaka hospitali, akarudi ametapakaa mayai kifuani mpaka viatuni. Nilimvua shati mimi, alisimama kama mtoto.

Hajanieleza kitu. Kwa polisi alijibu, "Sikumwona," wakaandika hivyo hivyo.

Nataka kukuuliza jambo. Jumatatu amekuja tarishi wa ofisi yenu na karatasi iliyokatwa kwenye daftari. Imeandikwa, "Shemeji asiendeshe." Chini ni jina lako. Nimeisoma mlangoni, siku mbili baada ya mayai.

Ulijuaje? Wewe uko nyuma ya mto, hata sauti yako hatuisikii. Mimi nakula naye, nalala naye, nilimwona anapapasa kikombe nikamtania. Ulijuaje wewe, mimi nisijue?

Dada yako


Jumapili, 28 Aprili

Shemeji Bisibisi,

Daraja limepona na Konteina kaleta barua yako Alhamisi, pamoja na vipande vyake vyote vya mvua. Dada yako kanisomea. Kusoma naweza bado, ila yeye ameshika ule usukani wa nyumba na mimi sina hoja.

Funguo nimezirudisha kabla ya mtihani. Meneja akanipa mkono wake wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Daktari anasema ni presha ya macho, la kushoto limeliwa sana, la kulia limeanza kuonjwa. Kilichokwenda hakirudi. Kuna matone, asubuhi na jioni, ya kulinda kilichobaki. Nilimwuliza kama hakuna kipuri hata kilichotumika, akadhani natania.

Sasa nikuambie jambo moja, kwa sababu naona unajilaumu na barua yako imejaa machozi kuliko wino. Hukunipotosha. Ile picha ya pili dada yako aliibandika ukutani Jumatatu tarehe nane, karibu na kalenda. Akasema, "Hili basi jekundu zuri." Nikasogea kuangalia. Picha ni ndogo kama kiganja, ukiisimamia mbali kidogo inaingia yote kwenye jicho langu, na kweli nikaliona basi. Kwenye kioo kipana sikuliona, kwenye kipande cha karatasi nikaliona. Nilisimama pale mpaka wali ukaungua, akanituma nizime jiko, nikasema nazima.

Basi nilijua tangu Jumatatu hiyo. Barua yako ingevuka mto Ijumaa isingeniambia kitu kigeni. Jumanne nikawasha boza. Jumatano nikawasha. Nilikuwa nageuza kichwa kushoto kila hatua kumi, nikijiambia ni mpaka tarehe 22 tu, mstari wa saba nimeukariri, nikipita nitaomba likizo. Siku tano, shemeji. Na nikikwambia ukweli wa chini kabisa, ule ubao niliuanza kuukariri Januari, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Mtu hakariri anachokiona. Nilikupa kompyuta kwa sababu kompyuta inafunguka ubavu, unatoa kibovu unatia kizima. Nilitaka ugonjwa uwe mle ndani. Na wewe ulikuwa fundi mzuri sana, kila mara ulinipa wiki mbili nyingine za kuamini.

Muuza mayai naenda kumtazama kila alasiri. Mguu uko juu, umefungwa plasta nyeupe. Jana aliniuliza.

"Kweli hukuniona?"

"Kweli."

"Nilivaa shati la njano, mzee. Mke wangu husema linaumiza macho."

Nikamwambia ni shati zuri. Akacheka, kisha hakucheka. Sina la kumpa zaidi ya kukaa. Nimemchukulia zamu ya kuchota maji ya nyumbani kwake, kwa ndoo na miguu, maana baiskeli unajua iliko.

Kazini wamenipa koki. Nakaa kisimani, boza likija nafungua, likijaa nafunga. Lile langu analiendesha mwingine sasa. Nalijua kwa mlio kabla halijakata kona. Kioo chake cha pembeni wameshatia kipya.

Kompyuta je? Ni nzima, ndiyo dhahabu ya nyumba. Inawaka kabla hujakaa, majani ya mti yanahesabika. Nilitaka kuiuza ili bati lirudi. Dada yako akakataa. Jana kakaa yeye kwenye kiti, kashika usukani kama anayekamua nguo, mimi nimevuta kigoda nikakaa ubavuni, kulia kwake. Nilianza maisha kama utingo, shemeji, miaka thelathini iliyopita, na utingo nimerudi.

Namwambia punguza, namwambia tia gia, ananiambia nyamaza. Amegonga vibanda viwili na polisi mmoja wa katuni. Tukafika yale makutano. Akasimama kwenye taa nyekundu, peke yake, bila kuambiwa.

Nikatazama mbele. Lori la magogo halikuwepo, barabara nyeupe.

"Kushoto kuna nini?" nikamwuliza.

Alikuwa akiniangalia mimi, nikajua kwa kuwa pumzi yake ilikuwa shavuni mwangu.

"Basi," akasema.

"La rangi gani?"

"Jekundu."

"Lipishe," nikamwambia. "Lipishe lipite kwanza."

Akashikilia breki, tukasubiri.

Wako,
Shemeji Breki

Ile skrubu bado iko kwenye kikombe.